Mkwe Hasemwi Mbele ya Hakimu

Kalemie, Jumatatu tarehe 18 Machi 2024

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Virginie,

Tumsifu Yesu Kristo. Ninakuandikia nikiwa nimekalia kile kiti ulichokikataa mwaka ule ulipotutembelea, ukisema mguu wake mmoja ni mfupi. Bado ni mfupi. Mimi ni mzima, presha inapanda na kushuka kama kawaida yake, na mume wangu Germain ni mzima wa mwili. Hali ya roho yake utaisoma humu ndani. Wewe je, hujambo? Goti linasemaje na baridi ya Kirungu? Viazi vimekubali mwaka huu? Msalimie shemeji, mwambie zile ndoana alizoniagiza nimezipata, ingawa sijui anataka kuvua nini huko mlimani.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Yaya, simu niliifikiria. Lakini kwenye simu wewe husikilizi habari mpaka mwisho. Ukisikia neno la kwanza usilolipenda unaanza kujibu, na mtandao wa kwenu hukatika kila inapofika zamu yangu ya kujitetea. Barua haikatiki, wala haijibiwi katikati. Ninamkabidhi Papa Célestin wa maharage, anayepanda boti ya Moba kesho, na nimemwomba asikupe mpaka uwe umekaa. Tarehe zote nimezitoa katika daftari langu la kila siku, kwa hiyo Germain akija kukueleza vingine, mwamini mdogo wako.

Habari unayoingojea ni ya kesi ya Myriam. Nitaieleza kwa mpangilio wake. Tafadhali usiruke kurasa.

Unakumbuka kwamba binti yangu Laetitia na mume wake Idriss waliachana bila kelele, kama abiria wanaoshuka boti moja na kila mtu kushika njia yake. Laetitia yuko Lubumbashi na mume mpya, Idriss yuko Kigoma na mke mpya, na wote wawili wana vitoto vichanga. Myriam wetu, ambaye sasa ana miaka saba, alibaki Kalemie. Jina lake walilichagua kwa akili: sisi tunasema Myriam, kwa wazazi wa Idriss wanasema Mariamu, na mtoto anaitika kote kote. Laetitia alituambia mtoto ni wetu. Idriss naye aliwaambia baba yake Ramazani na mama yake Zainabu kwamba mtoto ni wao. Hakuna aliyedanganya, maana kwetu mtoto ni wa tumbo lililomzaa, na kwao mtoto ni wa baba yake. Miaka miwili tuliishi hivyo bila ugomvi. Myriam alilala huku kwetu ufukweni au kule kwao mlimani, kutegemea ni nyumba ipi iliyopika chakula anachokipenda.

Shule ndiyo iliyotuharibia. Tarehe 4 Septemba, siku ya kwanza, Germain alimpeleka akiwa na unifomu, mkoba na viatu vipya. Langoni alimkuta Papa Ramazani amesimama na unifomu nyingine, mkoba mwingine na viatu vingine, amevifuta vumbi kwa leso yake. Walisalimiana mpaka kengele ikalia. Kila mmoja alisisitiza kwamba mkoba wa mwenzake ndio mzuri zaidi, na kila mmoja aliendelea kuushikilia wa kwake. Myriam aliingia darasani na mikoba miwili, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, kama mtu anayevuka mto. Direktrisi wa shule, Mama Constance, aliuliza ni nani mlezi, nani atakayetia sahihi kwenye buletini ya maksi. Wazee wote wawili waliinua mkono. Mama Constance alisema kwamba mahali pa sahihi ni pa mtu mmoja tu, waende kwa hakimu wamletee karatasi inayosema mtoto yuko mikononi mwa nani.

Hapo ndipo ulipotuma ule ujumbe wako wa sauti. Germain aliusikiliza mara nyingi hadi jirani akauhifadhi. Ulisema mtoto wa tumbo la mama yetu hapelekwi kwa watu kama jogoo wa zawadi, na kwamba tukimwachia, tusikupandie tena huko mlimani. Wewe ndiye mkubwa wetu, na neno lako lilitupa nguvu. Tuliandika ombi letu kwenye tribinali ya watoto. Papa Ramazani naye aliandika lake. Nilisikia baadaye kwamba walikutana kwenye foleni ya kuyapeleka, na Germain akamwachia mwenzake atangulie.

Sasa nikueleze maisha ya nyumba hii kuanzia Oktoba. Asubuhi Germain aliamka na Ramazani mdomoni, mchana alikula na Ramazani, jioni alilala na Ramazani. Alisema Ramazani ni mzee hata fimbo yake imezeeka. Alisema nyumba yake ni kituo cha reli, watu wanaingia na kutoka bila mtu kuwajua. Alisema kile kilima chake kingemfanya mbuzi aombe likizo. Nilimwambia hayo yote akayaseme kwa hakimu, asiyamalize kwa sahani yangu ya bukari. Lakini ikitokea wamekutana barabarani, ungemwona mume wangu anavua kofia, anashika mkono wa mwenzake kwa mikono miwili, anainama na kusema, "Papa Mukwe, uko salama? Na nyumba nzima?" Na Ramazani hivyo hivyo, mkono kifuani.

Usimcheke, Yaya. Sisi sote tumelelewa hivyo. Unakumbuka marehemu baba alipokwenda kwa wakwe zake Moba, akamkuta mkwe anakula mbuzi wetu aliyepotea, na ngozi imeanikwa pale pale uani ikiwa na alama yetu. Baba alisema nyama imeiva vizuri, akaomba aongezewe mchuzi. Mama alimuuliza njiani kwa nini hakusema, naye akajibu kwamba mbuzi huzaliwa kila mwaka.

Kwa hiyo tulikuwa na kesi, lakini hatukuwa na mdomo wa kuisemea. Ndiyo maana Germain alitafuta avoka wa kututetea, Maître Ulrich, kijana mwenye koti zuri na sauti ya kuhubiri. Yeye alisema hiyo heshima ya wakwe tuiache nyumbani, mahakamani tutakwenda na ubaya wa Ramazani tu. Alimpangia Germain mambo matatu: uzee wake, wingi wa watu nyumbani mwake, na kilima. Germain alifanya mazoezi mbele ya kabati.

Mwezi wa pili tribinali ilimtuma mtu wa sosiali kuzikagua nyumba zote mbili, aone mtoto anakula nini na analala wapi. Anaitwa Wilfried, mzaliwa wa Kongolo, mpole, na mdadisi kama sindano. Kuja kwake kulitakiwa kuwe siri, kwa hiyo tulijua siku nne kabla. Shida ilikuwa kitanda. Avoka alisema hakimu anataka mtoto awe na kitanda chake mwenyewe chenye neti. Wewe unajua Myriam analala wapi. Analala mgongoni kwangu, katika kitanda changu, na mume wangu ameshushwa kwenye mkeka karibu na mlango tangu mtoto alipotimiza miaka mitano. Myriam humwambia babu yake kwamba yeye ndiye mke mkubwa humu ndani na kwamba mke mkubwa hasogei.

Germain alikitengeneza kitanda mwenyewe. Alitumia mbao za boti iliyovunjika, akakipaka rangi ya buluu, na kichwani akachora samaki anayecheka. Meno ya yule samaki ni mengi kuliko yanayohitajika. Neti ilikuwa na tundu, nikaishona kwa uzi mwekundu kwa sababu ndio niliokuwa nao. Tarehe 6 Februari asubuhi Germain aliniamuru nisiwashe tanuri la samaki, nyumba isije ikanuka moshi mbele ya mgeni. Tulifagia mpaka barabarani. Wilfried alikuja, akala, akakitazama kitanda, akamwuliza Myriam kama analala vizuri. Myriam alijibu kwamba bado hajakijaribu. Germain alicheka kwa nguvu sana, akasema watoto wa siku hizi wanapenda mzaha.

Kesho yake nikiwa sokoni na kapu langu la migebuka, Mama Zainabu alikuja na kukaa pembeni yangu. Alinunua samaki asiowahitaji. Alizungumza habari ya mvua, akazungumza bei ya mawese, kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Mama Mukwe, Bwana Wilfried anapanda kwetu kesho. Kwenu mutoto iko na kitanda. Kwetu iko na mugongo ya bibi yake tu."

Yaya, ungefanya nini? Mkwe haombi mara mbili. Nilimwambia atume mtu.

Alimtuma mpwa wake na baiskeli ya mizigo. Nilikifungua kitanda, nikakunja neti, nikawafungashia na shuka, maana kumpa mkwe kitanda bila shuka ni kama kumpa chai bila kikombe. Germain alikuwa ametoka. Nilipanga kumwambia jioni, nikimpa chakula kwanza. Bahati mbaya alikutana na kitanda chake barabarani, pale kilima kinapoanza, baiskeli imeshindwa, yule samaki anayecheka anawatazama wapita njia. Mpwa alimsalimia kwa heshima, akamwambia kwamba ni mzigo wa mkwe wake. Basi mume wangu, ambaye alikuwa anatoka kwa avoka wakati huo huo, alikunja mikono ya shati akasukuma. Alikisukuma mpaka juu. Papa Ramazani alimkuta uani anatoka jasho, akamletea kiti na maji, na Germain, kwa kuwa nyundo ilikuwa karibu, alikiunga kitanda mwenyewe katika chumba cha watu anaoshindana nao.

Aliporudi hakuniuliza kitu. Aliomba maji ya kuoga na akakaa huko bafuni mpaka nikadhani ameanguka.

Bwana Wilfried alifika kwa Papa Ramazani tarehe 8. Mama Zainabu mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alikitazama kitanda cha buluu, akainama, akamtazama samaki, akahesabu meno yake, akagusa uzi mwekundu kwenye neti. Akauliza kitanda hiki kimekuwepo tangu lini. Papa Ramazani, ambaye hajui kusema uongo na alikuwa anajifunza siku hiyo, alijibu kwamba ni kitanda cha ukoo. Wilfried aliandika. Mama Zainabu anasema aliandika huku ameuma mdomo.

Tarehe 27 Februari tukaenda mbele ya hakimu. Ni mama mmoja wa makamo, ametoka mbali, Kiswahili chake ni cha kujifunza lakini hakipotezi njia. Wilfried alisoma ripoti yake. Alisema nyumba zote mbili ni safi, mtoto anapendwa kote, anashiba kote. Kisha akasema, "Na kitanda ni kizuri sana, Mheshimiwa. Nimekiona mara mbili." Watu walicheka mpaka hakimu akagonga meza. Papa Ramazani alitazama dari. Germain alitazama viatu vyake. Mimi na Mama Zainabu tulitazamana, na Mungu anisamehe, tulikuwa tunacheka na sisi.

Hakimu alimwita Germain, akamtaka aeleze kwa nini mtoto asikae kwa mzee huyu. Avoka alimpa ishara. Germain alisimama, akavua kofia, na badala ya kumwelekea hakimu akamgeukia Ramazani. Alianza vizuri. Alisema Papa Ramazani ni mzee. Maître Ulrich akatikisa kichwa kwa furaha. Germain akaendelea kwamba mtoto akilelewa na mzee hapungukiwi busara. Alisema nyumba yake ina watu wengi sana, na kwa hiyo mtoto hawezi kukosa macho ya kumchunga. Alisema kilima chake ni kirefu mno, na hivi ziwa linavyopanda kila mwaka, pale ndipo maji hayatafika kamwe. Akavaa kofia akaketi. Maître Ulrich alilifunga faili lake taratibu, kama mtu anayefunika uso wa maiti.

Ungedhani Papa Ramazani atafurahi na kunyamaza. Naye alikuwa na yake aliyotayarisha, niliyaona kwenye kikaratasi mkononi, na alipoitwa akakikunja na kukitia mfukoni. Alikiri kwamba Papa Germain anakunywa bia. Lakini, alisema, anakunywa nyumbani kwake, na mtu wa namna hiyo ukimtaka unajua pa kumpata. Alisema Papa Germain anaimba kwa sauti kubwa, na mtoto akisikia sauti hiyo hata gizani hawezi kupotea. Alisema amemwona akisukuma kitanda mlimani kwa umri ule, na yeye Ramazani hajui kama angeweza.

Hakimu alivua miwani. Aliuliza kama tumeelewa kilichotuleta. Alisema katika kazi yake amesikia watu wakitukanana, wakilia, wakizimia, lakini hajapata kuona watu wawili wanaomgombania mtoto, na kila mmoja ni shahidi wa mwenzake. Mzee mmoja wa nyuma alimweleza kwamba hawa ni wakwe, na mkwe hasemwi. Hakimu akasema hilo analijua, hata kwao lipo, lakini ndoa ya Laetitia na Idriss ilikwisha zamani, kwa hiyo kwa sheria hawa wanne si wakwe tena, wana ruhusa ya kusema. Maître Ulrich aliruka kwenye kiti kama aliyeona nchi kavu. Alisema ndiyo, hasa, hawa si wakwe, ukwe ulikwisha. Akamwomba Germain athibitishe.

Nilijua uzito wa swali lile, na Germain aliujua. Angesema "ndiyo" tu, angekuwa huru kumwaga yote aliyoyakariri mbele ya kabati. Alimtazama Myriam, aliyekuwa ameketi kati ya mabegi yake mawili anakula karanga. Kisha akasema, "Kama yeye si mukwe wangu, Mama Hakimu, mutoto huyu ametoka wapi?"

Papa Ramazani alitoa leso.

Hapo hakimu akauliza kama akina mama wana neno. Mama Zainabu aliinuka kwanza. Alijifunika vizuri kitenge chake, akaeleza habari ya kitanda tangu sokoni. Alisema yeye aliomba, na mimi, Mama Bertille, nilitoa siku ile ile, na shuka juu yake. Alisema mtu anayempa mwenzake kitanda cha kumshindia kesi, huyo ndiye apewe mtoto, na yeye Zainabu atakuwa anakuja kumwona. Akaketi akiwa ameufunika uso. Niliona kalamu ya hakimu inatembea. Maître Ulrich alilifungua tena faili lake. Germain alinishika mkono chini ya benchi.

Yaya Virginie, sasa umefika mahali palipofanya nikuombe usiruke kurasa.

Kesi ilikuwa yetu. Ilikuwa imekwisha kuwa yetu. Mtoto wa tumbo la mama yetu alikuwa anarudi nyumbani kama ulivyotaka, na mimi nilibakiwa na kazi moja tu, nayo ni kukaa kimya. Hakimu aliniuliza kwa desturi tu, huku anaandika, kama nina la kuongeza. Nikasimama. Nikasema, "Ndiyo. Kwetu mutoto anakohoa. Kwa Mama Zainabu hakohoi."

Ni hivyo tu. Kalamu ilisimama.

Sikukuambia habari hiyo kwa sababu sikujiambia hata mwenyewe. Ziwa lilipopanda lilimeza pale mchangani tulipokuwa tunachomea samaki, na wanawake wote wa mtaa tukayaleta matanuri nyuani. Tanuri langu sasa liko hatua chache na dirisha. Moshi ndiyo minerval, karo ya shule ya wajukuu, ndiyo chumvi na sabuni, sina namna ya kuuzima. Na nikiuzima wangu, unakuja wa jirani. Myriam akilala kwetu anaanza kukohoa alfajiri, kikohozi kikavu, kifua kinapiga filimbi, na mgongo wake mdogo unaruka ruka kwenye mgongo wangu. Germain alisema ni mafua. Mimi pia nilisema ni mafua, mafua ya miaka miwili. Lakini kila alipotoka mlimani alishuka amenenepa shavu, anapumua kama mtoto wa mwenye shamba. Bwana Wilfried hakuweza kujua. Siku aliyokuja tulikuwa tumezima moto ili nyumba inukie vizuri.

Wengine walisema mazuri ya mkwe kwa sababu ya adabu. Mimi nilisema la kweli, na nilisema kwa hiari yangu, wala hakuna aliyenibana. Kwa hiyo usimlaumu hakimu, usimlaumu avoka, na usimlaumu Germain. Tarehe 5 Machi ilisomwa hukumu: Myriam yuko mikononi mwa Ramazani na Zainabu. Aliyempoteza ni mimi, mdogo wako Bertille.

Kutoka mahakamani Germain alitembea mbele yangu bila kugeuka. Ikawa hivyo siku mbili. Alikula, alishukuru kwa kichwa, akaenda mkekani. Siku ya tatu nilikuwa napanga samaki kwenye tanuri, akaja akasimama upande wa moshi, macho yanamtoka machozi kama kila mtu anayesimama pale. Akasema, "Mimi ninalala mlangoni, Mama Bertille. Ulidhani sisikii?" Kisha akachukua uma akanisaidia kuwageuza samaki. Aliwaunguza watatu.

Jumapili tarehe 10, siku moja kabla mfungo wa Ramadhani haujaanza, wakwe walikuja. Walileta kuku wawili, beseni la mchele na kitenge, wakaketi, na mtu asingejua ni nani aliyeshinda. Papa Ramazani alikuwa na aibu kama mwizi. Alizunguka sana, mwisho akasema ana shida na anaomba msaada wa mkwe wake. Alisema macho yake yameharibika, haoni kabisa maandishi, na amekwisha kwenda kumweleza Mama Constance kwamba yeye hawezi kutia sahihi kwenye buletini za mtoto. Kwa ruhusa ya direktrisi, anamwomba Papa Germain awe anatia yeye, na kama haitamchosha, awe anampeleka shuleni asubuhi, kwa kuwa fimbo yake imezeeka. Nilishtuka kwa hilo neno la fimbo. Sijui nani alimpelekea.

Yaya, Papa Ramazani anasoma Kurani yenye maandishi kama mayai ya sisimizi, bila miwani, kila siku ya Mungu. Germain anajua. Alisema pole, macho ni kitu cha hatari, na ataifanya kazi hiyo mpaka macho yatakapopona. Papa Ramazani akajibu kwamba daktari anasema hayatapona upesi.

Basi tunaishi hivi. Kila asubuhi Germain anakipanda kile kilima ambacho kingemfanya mbuzi aombe likizo, anamchukua Myriam na mkoba mmoja, na anashuka naye anaimba. Usiku anafanya mazoezi ya sahihi, ameiongezea mkia. Kitanda cha buluu kiko mlimani, na Mama Zainabu anakiri kwamba kimejaa nguo zilizonyooshwa, maana mtoto bado yuko mgongoni. Jumapili wanawake wa mtaa wetu hatuwashi matanuri, hewa inakuwa ya ziwa tupu, na Myriam anashinda kwetu tangu asubuhi mpaka jioni. Jana alikuja. Wao wako kwenye Ramadhani na sisi kwenye Kwaresima, kwa hiyo ukoo mzima una njaa na ni yeye peke yake aliyekula. Hakukohoa hata mara moja. Mume wangu sasa amerudishiwa nafasi yake kitandani. Anakoroma. Mimi bado sijazoea; kuna mgongo mwingine ninaoutafuta.

Najua ulichosema kuhusu kukupandia huko mlimani. Wewe ni mkubwa wangu na neno lako ni neno. Kama njia imefungwa, nitangoja, na ukinitukana nitatukanika. Lakini nakuomba jambo moja. Ukishuka kuja kunigombeza, shuka ufike Jumapili, umsikilize anavyopumua kwanza, ndipo uanze. Ukileta viazi gawa mafungu mawili sawa, kwa sababu na wewe ni mkwe wao, upende usipende.

Shemeji apokee ndoana zake. Watoto wote wa huko wabusu, na bibi Mélanie wa jirani mwambie kitambaa chake bado nakitafuta. Germain anakusalimu kwa kuvua kofia. Myriam anasema uje na asali, na kwamba kiti chenye mguu mfupi babu yake amekiwekea kijiwe.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuheshimu hata nikikukosea,

Bertille